Mzigo wa Mama na Kazi Sifuri

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni: siku simu yangu ilipomtukana mama yangu mzazi, ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe, nami mwenye simu nikashindwa kujua nimtetee nani.

Usicheke. Juzi uliniambia kwamba fizikia unayosoma kwenye simu imekushinda na unataka kuiacha, tena uliniambia huku umeangalia chini kana kwamba umevunja chungu cha watu. Basi keti, weka mkasi chini, nikusimulie. Fizikia hiyo hiyo mimi nimeisoma, kwenye simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka, na niliisoma nikiwa tayari naitwa bibi.

Shule niliiacha nikiwa msichana, mwaka wa pili wa sekondari, baba alipofariki. Nikajifunza kushona hapa hapa Gisenyi, nikashona mpaka vidole vikaota sugu. Uzee uliponipigia hodi, shule hii ya ufundi ikasema itanichukua niwafundishe wasichana, ila sharti niwe na cheti cha sekondari. Cheti! Mimi niliyewashonea walimu wao nguo za harusi! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti yangu Rehema, anayeishi Kigali, akaniandikisha kwenye sekondari ya mtandaoni, nikainama.

Masomo mengine tulisikilizana. Biolojia, kwa mfano; mtu aliyezaa na kulea hawezi kukosa la kusema. Fizikia ndiyo iliyonivuruga. Utotoni nilifundishwa kwa Kifaransa, vitabu vya sasa ni vya Kiingereza, na mwalimu wetu, kijana mmoja aitwaye Deo aliyekulia Tanzania, alitufafanulia kwa Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi. Alisema "kani" pale sisi tunaposema nguvu. Akasema "nishati" pale sisi tunaposema nguvu vile vile. Kwangu mimi kila kitu kilikuwa nguvu: umeme nguvu, dawa nguvu, chai ya tangawizi nguvu. Halafu unajua mpaka ulivyo karibu. Mwalimu anasema, "Kwa hiyo jibu letu ni," na hapo simu inauacha mtandao wa Rwanda inarukia wa Kongo, ujumbe unaingia kunikaribisha nchi ya watu, na jibu limepotea.

Na kila mwisho wa somo Mwalimu Deo aliuliza, "Tumeelewa?" Sote tukaandika ndiyo. Kwetu mwalimu akikuuliza kama umeelewa, adabu ni kuitikia yego, yaani ndiyo. Kusema hapana ni kama kumwambia mwenyeji wako mchuzi wake hauna chumvi. Basi zile "ndiyo" zilikuwa zinapanda kwenye kioo mfululizo, na yangu imo, mimi nisiyejua hata somo lilihusu nini.

Siku ya kisa chenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye cherehani. Mama yangu, Bi Zaina, alikuwa mkekani karibu na mlango, ungo mapajani, anachambua maharage. Alikuwa amezeeka sana, lakini masikio yake yalibaki ya msichana. Somo la siku hiyo lilikuwa kazi. Nikafurahi, maana angalau hilo neno nalijua tangu utoto.

"Tuchukue mfano," akasema Mwalimu Deo. "Mama amebeba gunia kichwani, anatembea kwa mwendo ule ule kwenye njia tambarare. Amefanya kazi kiasi gani juu ya gunia lile? Jibu ni sifuri. Kani yake inalishikilia gunia kwenda juu, lakini gunia linasafiri kwenda mbele. Kwa hiyo kazi ni sifuri. Tumeelewa?"

Ndiyo, ndiyo, ndiyo, wakaandika.

Mama akaacha kuchambua. "Huyo mutoto iko nasema nini?"

"Ni masomo tu, mama."

"Mi nimesikia. Mutu akibeba muzigo kichwani hafanye kazi?" Sauti ikaanza kupanda. "Miaka yote ile nilibebaka viazi na maharage kupita barrière ya Goma, mpaka shingo ikaingia ndani, ni sifuri? We unachoma mega za simu juu mutu akuambie mama yako hakufanyaka kazi?"

"Mama, hakusemi wewe."

"Zima iyo simu. Na siku ya examen usikuje kuniomba dua. Uombe simu ikufanyie dua."

Mwanangu, neno hilo lilinikata maini. Mtu wa nyumba yetu haendi hata kununua vitenge Goma bila radhi ya mama, sembuse kuingia mtihani. Nikabaki katikati. Swali la kazi lilikuwa halina budi kuja, na jibu lake linajulikana. Nikiandika sifuri nimemkana mama yangu. Nikikataa kuiandika, cheti nimekikosa, na nafasi ya kufundisha nimeikosa.

Kwa nini iliniuma hivyo? Kwa sababu mzigo ule naujua. Mama hakuwa na duka wala meza sokoni. Alibeba vyakula kutoka soko letu kuvuka mpaka hadi Goma, njia ile ile tambarare unayopita wewe ukiwa umevaa viatu vizuri. Asubuhi, kabla sijaenda shule, nilimsindikiza. Alikunja ngata ya kitenge kuukuu, akaiweka kichwani, akachuchumaa. Mimi nalikumbatia gunia pale chini, nalinyanyua kwa goti na kwa pumzi yangu yote mpaka nimtwike. Akishainuka na kulisawazisha, alisema neno moja tu: "Haya, shule." Kisha anakwenda, shingo imenyooka, hageuki nyuma, maana mwenye mzigo kichwani hageuki ovyo. Kalamu zangu, sare zangu, uji wangu, vyote vilipita juu ya ngata ile.

Siku zilizofuata kichwa changu hakikuwa changu. Nilimshonea mteja gauni, mkono wa kulia nikauweka kushoto, akalivaa mbele yangu, akalivua akanirudishia. Nikaona bora nijaribu mwenyewe. Nikajitwika mfuko wa unga, nikasimama uani, sitembei, sisogei, nione hiyo sifuri inakaaje. Jirani yangu Mama Claudine akachungulia juu ya ua.

"Mama Rehema, unangojea nani akutue?"

"Nasoma," nikamjibu.

Akajishika mdomo. "Yewe! Bon, usome basi."

Nikasimama hivyo hivyo. Jasho likatoka, shingo ikauma. Nikajiuliza: kama hii ni sifuri, jasho hili ni la nini? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikujua kwamba wataalamu nao wameuingiza usufi huo kwenye hesabu zao. Nikautua unga wangu nikarudi ndani, sijaelewa zaidi ya nilivyokuwa, na shingo inauma.

Jumapili nyingine ikafika. Mama bado alikuwa ananijibu kwa kutikisa kichwa tu. Alikaa pale pale mkekani, ila safari hii aliigeuzia simu mgongo. Somo likaenda, likafika mwisho. "Tumeelewa?" Zile ndiyo zikaanza kupanda. Nikabonyeza kile kialama cha kipaza sauti.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

Zile ndiyo zikakoma kupanda. Nikadhani simu imeshavuka mpaka.

"Karibu mama, sema," akajibu hatimaye.

"Mama yangu alibeba mizigo kichwani, njia tambarare, miaka na miaka. Wewe umesema kazi yake ni sifuri. Sasa mimi nilikula nini? Nilivaa nini?"

Hakukimbilia kujibu, na kwa hilo nilimpenda. Akauliza, "Mama yako yupo hapo?"

"Yupo. Amekupa mgongo."

"Shikamoo, bibi," akasema.

Hasira ni hasira na adabu ni adabu. "Marahaba," Mama akauambia ukuta.

"Bibi, nisamehe, nilikwenda mbio. Nilisema kazi juu ya gunia. Gunia halikupanda wala halikushuka, kwa hiyo gunia halikupata kitu kutoka kwako. Lakini mwili wako ulipoteza. Misuli ilikuwa inavuta muda wote, chakula ulichokula kinaungua ndani, kinatoka jasho na joto. Neno kazi ni la kwenu. Sisi wa fizikia tumeliazima, tukalipa maana moja nyembamba, nami nikasahau kuwaambia wanafunzi kwamba ni la kuazima."

Vidole vya Mama vikasimama juu ya maharage. "Kusema gunia halikupata kitu, iyo ni kweli," akasema polepole. "Ni mi njo niliishaka nguvu."

Nikadhani yamekwisha. Kumbe Mwalimu Deo, kwa vile ni mwalimu, hawezi kuacha mfano ukiwa mzuri.

"Tena, bibi, hata kwa hesabu zetu yupo aliyefanya kazi juu ya gunia. Ni yule aliyelinyanyua kutoka chini akakutwika, maana yeye alilipandisha. Nani alikuwa anakutwika?"

Hapo, mwanangu, nilitamani mtandao urukie Kongo na ubaki huko huko. Mama akageuka. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwani.

"Donc, ni huyu?" Akaninyooshea kidole chenye vumbi la maharage. "Kazi yote ni huyu njo aliifanyaka? Na mi nilikuwa natembea tu?"

"Kwa upande wa gunia, ndiyo, bibi," akasema Mwalimu Deo, na sauti ilimwisha njiani.

Mama akacheka. Alicheka mpaka ungo ukapinduka na maharage yakaingia chini ya cherehani. "Ayi wee! Kumbe mi nilikuwa kwa promenade! Goma na kurudi, matembezi tu!" Darasa zima likasikia, wengine wakaanza kucheka na wao, huko waliko. Mimi nililia. Sikujua nalia kwa nini. Nilimwona yeye na shingo yake iliyoingia ndani, nikajiona mimi na kile kitendo kimoja cha asubuhi, na kitabu kinasema kazi ni yangu. Nilifurahi kwamba amecheka, nikaona aibu kwa hesabu iliyonipa nisichostahili, ikasahau kwamba yeye ndiye aliyeinuka na gunia, na sikuweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Mpaka leo sijaweza.

Lakini kuhusu dua hakusema neno. Wiki zikapita, naye anacheka na mimi, anakula na mimi, dua hataji. Asubuhi ya mtihani nikavaa, nikachukua kalamu, nikafika mlangoni. Akaniita.

"Kuja hapa. Chuchumaa."

Nikachuchumaa mbele yake, na magoti yangu haya.

"Wakiuliza ile ya gunia, andika sifuri, upate cheti. Lakini usiiseme kwa mudomo mbele yangu."

"Sitaisema, mama."

Akaweka viganja vyote viwili juu ya kichwa changu, akavikandamiza, vile mtu anavyomsawazishia mwenzake mzigo, akaanza kusoma dua. Aliisoma yote bila haraka. Alipomaliza akanigusa begani.

"Haya, shule."

Swali lilikuja. Niliandika sifuri, na kwa mdomo sikuisema. Nilifaulu, si kwa alama za kutangaza mtaani, lakini nilifaulu, ndiyo maana leo umenikuta hapa nakufundisha kukata kola.

Sasa ukiniuliza kama nimeielewa ile kazi, nitakuambia kweli: nusu. Nusu nyingine bado inanizunguka, na wala hainikoseshi usingizi tena. Kwa hiyo usiache fizikia kwa sababu imekuchanganya. Kuchanganyikiwa si kushindwa, ni mahali unapopita. Utakwama hapo ukianza kuandika ndiyo wakati moyo wako unasema hapana, kwa kuogopa tu kuonekana mjinga. Kuuliza si ujinga, na ile siku niliyosema sijaelewa, wenzangu wengi waliniandikia pembeni kunishukuru, kwa sababu nao walikuwa hawajaelewa tangu mwanzo. Na jingine, mwanangu: shika elimu ya kitabu kwa mikono miwili, ikupe cheti, ikupe riziki, lakini usichukue kipimo cha darasani ukaenda kumpimia nacho mtu aliyekubeba. Neno moja linaweza kuwa na nyumba mbili. Jua uko kwenye nyumba ipi kabla hujafungua mdomo.

Mama siku hizi hawezi tena kuinuka peke yake. Kila asubuhi namnyanyua kutoka kitandani, namketisha kibarazani aone watu wanaokwenda mpakani na mizigo yao. Amekuwa mwepesi, mpaka wakati mwingine naogopa. Kwa fizikia ya Mwalimu Deo hiyo ni kazi kamili, maana anatoka chini kwenda juu. Kwangu mimi ni sifuri, na hiyo naisema kwa mdomo, mbele yake, naye hucheka.

Basi nenda, usiku haujaingia, kawashe simu yako umwambie mwalimu wako hujaelewa. Mungu akupe wa kukutwika, akupe shingo ya kubebea, na ukifika uendako akupe wa kukutua.

Haya, shule.