Yai la Baba Kusum

Dingiri Amma hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Figo za mumewe Punchirala zilipoanza kuchoka, kama za wakulima wengi wa mpunga upande wa Medawachchiya, daktari alisema apunguze samaki na mayai. Kupunguza? Mama yule alifuta kabisa! Kisha akaenda hekaluni, akaumwagilia maji mti mtakatifu wa Bo na kuweka nadhiri: mume wangu akiachiwa uhai, chungu changu hakitapika nyama, samaki wala yai.

Figo hazikupona, lakini Punchirala hakufa. Aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini mjini, na Dingiri Amma akaamini kwamba kinachomshikilia ni ile nadhiri. Nani angembishia? Jirani yake Leelawathie alipoleta dagaa, alirudishwa mlangoni pamoja na sahani yake.

Kisha miguu ya Punchirala ikavimba. Ukiibonyeza, shimo linabaki. Nesi Nilmini akatazama majibu ya damu, akamwita mama pembeni.

"Mama, mzee anakula nini?"

"Wali, maboga, majani. Si ndivyo mlivyotuambia?"

"Lo, mama! Hayo yalikuwa kabla ya mashine. Mashine ikitoa uchafu, inaondoka na protini kidogo pia. Na protini ya damu ndiyo inayozuia maji yasivujie miguuni. Yake imeshuka mno. Mpe mayai, mpe samaki, la sivyo mwili utajitafuna wenyewe."

"Nimeweka nadhiri, mwanangu."

Nesi akaikunja karatasi ya majibu. Kwao pia kulikuwa na nadhiri kama hiyo. "Basi amua mapema, mama," akasema taratibu.

Njia nzima ya kurudi, moyo ulimuuma Dingiri Amma. Kumbe chakula alichokuwa akimkinga nacho mumewe ndicho mzee alichokihitaji! Alipitia kwa Leelawathie kuomba yai.

"Makubwa! Leo jua limetokea wapi?" jirani akacheka. "Ngoja nikuchemshie hapahapa, chungu chako kisiguswe."

"Hapana, dada. Kama ni kuvunja, navunja mwenyewe."

Punchirala alipoliona yai lililotoka katika chungu kile, akasukuma sahani. "Mama Kusum, una wazimu? Nadhiri yako ndiyo imenifikisha leo."

"Kula, Baba Kusum."

"Nikila nikafa, utasema ni hili yai."

"Usipokula ukafa, nitajua ni mimi."

Machozi yakamtoka, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mama yake hakulia mbele za watu. "Kuanzia leo nadhiri ni ya mdomo wangu, si ya chungu. Mimi ndiye sitakula nyama, samaki wala yai mpaka nife. Wewe kula, nakuomba."

Mzee hakuwahi kumsikia mwanamke huyu akiomba. Akaachama, naye akamtilia kipande.

"Halina chumvi," akalalamika.

"Chumvi bado marufuku! Tafuna."

Akatafuna, akameza, kisha akaachama tena.