Kipande cha Godoro

Juzi tulikwenda Mutakura kumchagulia mwanangu godoro, maana kitanda cha kitoto hakimtoshi tena. Muuzaji alipoanza kukata sponji, sauti ya kisu ilinirudisha nyumbani kwetu Gasenyi, mchana mmoja wa utotoni.

Mdogo wangu naye alikuwa ametolewa kwenye kitanda cha kitoto. Mama alipiga magoti chumbani, akakata godoro lake na Baba, upande wa miguuni, kwa kisu cha mihogo, ili mdogo wangu apate lake. Vumbi la sponji lilinuka jasho na mawese. Jirani yetu, Mama Aline, akachungulia mlangoni.

"Mama Odile, unakata matela yenu?"

"Ilikuwa murefu sana," Mama akajibu bila kuinua kichwa.

Niliona aibu. Kwa wenzangu magodoro yalitoka dukani, yakiwa bado na nailoni.

Tangu siku hiyo Baba alilala amekunja magoti. Nilidhani ndivyo watu wazima walalavyo, nikawa namwiga uani, watoto wakicheka, na Baba mwenyewe akicheka.

Sasa amezeeka. Nimemnunulia godoro refu, lakini bado analala amekunja magoti, nami nikipita mlangoni natazama pembeni.