Gazeti la Nusu Barazani

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo damu hunichemka. Ilikuwa miaka ya hamsini, pale mtaani kwetu Ngamiani, nami msichana mdogo wa shule. Dada yangu Zaina alikuwa amejifungua, akatokwa na damu nyingi, akapelekwa hospitali. Asubuhi daktari akasema lazima aongezewe damu, na ndugu yake wa kuzaliwa, mtu mzima, aje kutoa. Kaka tulikuwa naye mmoja tu, Athumani, mzima wa afya, kifua kama mlango. Akakataa!

Na sababu yake, ati, ni baraza la kahawa. Enzi zile gazeti moja lilitosha mtaa mzima. Bwana Shomari alisoma kwa sauti, wasiojua kusoma wakasikiliza, naye akanyweshwa kahawa kwa kazi hiyo. Jioni iliyotangulia alikuwa amewasomea kwamba katika mji mmoja watu wanalalamika damu yao inatolewa hospitali na kuuzwa kwa mumiani. Basi! Mumiani, hao wanyonya damu tulioogopeshwa nao tangu utotoni. "Mie sitoi damu yangu ikauzwe," kaka akasema. "Gazeti limeandika." Na dada yake yuko kitandani, midomo imekuwa myeupe.

Shangazi aliyetulea hakujua kusoma hata jina lake. Akavaa buibui lake, akatuburura mimi na kaka mpaka barazani, akalichukua gazeti mkononi mwa Shomari, akaligeuza huku na huku.

"Mbona karatasi moja tu? Nyingine iko wapi?"

"Muuza kashata kafungia kashata, Bibi."

"Na hiyo habari uliimaliza vipi?"

Shomari akacheka. "Mwisho wake si unajulikana tu?"

Loo! Unajulikana! Shangazi akamgeukia kaka. "Athumani, dada yako anakufa, wewe wamnyima damu kwa gazeti lililoishia kwenye kashata? Nenda na mdogo wako maktaba akusomee lote. Kimbieni!"

Maktaba ya mjini nilikuwa nikienda na wenzangu wa shule. Mtunza maktaba akatutolea gazeti lile lile, likiwa zima. Akaniambia nisiishie kwenye kichwa cha habari, nisome mpaka mwisho, nitazame nani kasema na kama alikuwepo. Kisha akaweka kando yake gazeti jingine lenye habari hiyo, nilinganishe. Nikamsomea kaka. Ukurasa wa ndani ulieleza kwamba mwandishi alikwenda hospitali ile, akaonana na waliotoa damu na ndugu zao waliopona, na hakumpata hata mtu mmoja aliyeona damu ikiuzwa. Gazeti la pili lilisema vivyo hivyo. Kaka akashika kichwa. "Dada yangu mie," akasema, akatoka mbio, nami nyuma yake.

Tulipofika wodini kaka alikuwa keshakunja mkono wa shati. Muuguzi akamwambia aushushe tu.

Nina hasira, mwanangu, sikufichi. Matanga ya Zaina hayajapoa, Shomari karudi barazani kusoma, na watu wale wale wakamkalia kitako kumsikiliza! Na nyie leo mna akina Shomari wangapi kwenye simu zenu? Waniletea, "Bibi, hebu ona hii." Nikikuuliza kaandika nani, wanijibu imetumwa kwenye kundi. Kundi ndiye nani? Ana mdomo? Ana macho? Yaani mmesomeshwa wote, halafu mnasomewa kama wale wa barazani wasiokuwa na shule!

Basi nisikilize. Habari ikikushtua, usiifuate wala usimpelekee mwenzio kabla hujaiona nzima. Uliza kasema nani, kaona kwa macho yake au kasimuliwa, na mwingine anasemaje. Ukikwama, nenda maktaba ukaombe msaada, wala usione haya. Watunza maktaba hawakuwekwa pale kufuta vumbi la vitabu, kazi yao ni kukufundisha kutafuta na kupima. Na ukisikia maktaba ya mji wenu inataka kufungwa, pigeni kelele kama mnazopiga kwenye mpira, maana kuna watu wanaokufa kwa kutojua.

Mungu akupe umri, mwanangu, akupe subira ya kusoma mpaka mwisho, na akujaalie ukweli ukufikie wakati mtu wako angali hai.