Kaburi Lililobaki Nje ya Ukuta

Mara ya kwanza Kokuberwa alipomwona Mwinjilisti Polikarpi akihesabu hatua kando ya kaburi, alidhani amedondosha kitu. Mara ya pili aliacha kumenya ndizi. Mara ya tatu alijibanza nyuma ya mgomba akahesabu pamoja naye: hatua kumi na moja kutoka ukuta wa kanisa kwenda kusini, na ya nne iliangukia kichwani pa marehemu.

Kaburi lilikuwa la mumewe, Rwegoshora, mwashi. Ndiye aliyekata kipande cha kibanja chake, shamba la migomba la ukoo, pale kijijini Kanoni, akakitoa kwa kanisa la Kianglikana, kwa neno la mdomo tu. Akapanga mawe ya msingi kwa mikono yake, akafa mwaka 1984 kabla bati la kwanza halijapigiliwa msumari. Walimzika upande wake, ndani ya migomba, karibu na baba yake na babu yake. Na huku kwetu hakuna hati inayolishinda kaburi. Ukigombania shamba, wazee hawakuulizi karatasi. Wanakuuliza, nani wako amelala humo?

Alasiri hiyohiyo Polikarpi akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu uketi. Kwa hatua zote zile, miguu haijachoka?"

Polikarpi alicheka kidogo, akaketi. Kokuberwa akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote. Polikarpi akachukua punje mbili, akazitia mfukoni. Kokuberwa aliliona hilo akaliweka moyoni. Mtu mwenye neno safi hutafuna mbele ya mwenyeji wake.

Mwaka huo wa 1987 Polikarpi alikuwa ametoka Uingereza, alikoalikwa na Wakristo wa huko kwa mwezi mmoja. Alifungua kitabu kikubwa cha picha.

"Haya ni makanisa makuu yao, mama. Kila moja lina kiti cha askofu, ndiyo sababu likaitwa kuu. Tazama hili la Durham. Ukilitazama kutoka juu ni msalaba: hiki kiwiliwili, hii mikono miwili. Madhabahu iko mashariki, jua linakochomoza, kwa maana wanangoja ufufuo. Mengine yalijengwa miaka mia na zaidi. Babu anaweka jiwe, kitukuu anapaua."

Kokuberwa alifunua ukurasa akakuta watu wa mawe wamelala chali, mikono imekutanishwa kifuani, mbwa wa jiwe miguuni.

"Na hawa?"

"Makaburi. Maaskofu na wakubwa wa nchi. Wamezikwa ndani, watu wanasali kando yao." Polikarpi akasogeza kiti. "Na sisi tunataka kuliongezea kanisa letu mikono, mama. Mkono wa kusini utamfunika mzee. Atalala ndani ya nyumba ya Mungu, kama hao."

Kokuberwa aligusa picha kwa kidole. "Hao waliolala humo, shamba ni la watoto wao?"

"Hapana. Ardhi ni ya kanisa."

"Na hawajawahi kuondolewa?"

Polikarpi hakujua kudanganya haraka. Akakohoa. "Alikuwepo mtakatifu mmoja, amezikwa katika kanisa kuu la mji wa Kanterburi. Watu walimwendea kwa miguu kutoka mbali, miaka zaidi ya mia tatu, kuomba uponyaji. Kisha mfalme akaamuru kaburi livunjwe. Dhahabu ikabebwa. Mifupa yake, mpaka leo wanabishana iliko."

"Ndugu zake walikuwa wapi?"

"Mama, ni zamani sana hayo."

"Hata mfalme alijua aanzie kaburini," alisema Kokuberwa, akafunga kitabu.

Kesho yake alimweleza jirani yake, Nyirabageni, walipokuwa wakianua kahawa.

"Mwezi mmoja tu Ulaya," alisema Nyirabageni, "naye amerudi anataka kuipanda kwenye migomba. Angekaa miwili angetuletea na theluji." Kisha akaokota punje mbovu, akaitupa. "Makaburi ya watu wangu niliyaacha Rwanda nilipokimbia mwaka wa sitini na moja. Nasikia wamepanda viazi juu yake. Dada, usimwachie mtu."

Jumamosi, mchana kweupe, Kokuberwa alipanda milamula minane kulizunguka kaburi. Mlamula ni mti wa mpaka. Akiung'oa mtu, ataitwa mbele ya wazee.

Jumapili baada ya ibada, waumini walitoka na kamba na vigingi vya kupimia. Polikarpi akaiona milamula, akasimama. Mzee mmoja wa kanisa akamkunjia uso Kokuberwa, aliyesimama katikati yake.

"Mama, unamwekea Mungu mpaka?"

"Mungu simpimii. Nawapimia ninyi."

Wanawake waliangua kicheko. Polikarpi hakucheka wala hakukasirika. Alifungua kitabu kwenye ule ukurasa wa watu wa mawe, akatoa kipande cha karatasi, akampa. Kokuberwa alisoma polepole, herufi kwa herufi: *Rwegoshora, mwashi. Alianza, hakumaliza.*

"Ndiyo niliyotaka kuchonga sakafuni," alisema Polikarpi.

Kokuberwa aliirudia karatasi mara tatu. Siku zote hizo alikuwa ametafuta shamba lake ndani ya kitabu kile. Hakufikiri kwamba mtu angeweza kumtafutia mumewe nafasi humo. Lakini miguu yake haikutoka kwenye milamula.

"Maneno ni mazuri," alisema. "Yachongeni ukutani, kwa nje, yamwelekee. Ukuta ni wenu. Yeye ni wangu."

Walijenga mkono wa kaskazini peke yake. Wageni huuliza kwa nini msalaba wa Kanoni una mkono mmoja, na wenyeji huwaonyesha migomba.

Maneno yalipokwisha kuchongwa, Polikarpi alikuja kumwita Kokuberwa aje ayaone. Alimkuta akihesabu milamula. Bado ilikuwa minane. Kokuberwa hakuondoka kwanza. Alileta kikapu cha kahawa, Polikarpi akachukua punje mbili, na Kokuberwa akasubiri pale, mkono kiunoni, mpaka aliposikia meno yakizivunja.