Ngumi ya Kukhu

Nilipokuwa mtoto kwetu nje kidogo ya Malava, kulikuwa na vitu viwili visivyonyooshewa kidole: boga changa na kaburi. Boga lingeoza. Na kaburi je? Hapo Kukhu, nyanya yangu aliyenilea, aliendelea tu kuchambua mboga, na hilo lilinitisha kuliko jibu lolote. Ukilazimika kuonyesha, ulikunja ngumi ukaielekeza huko, basi.

Kaburi lililomhusu zaidi lilikuwa la Kuka, mumewe. Alizikwa ndani ya olukoba, duara la handaki na tuta ambalo watu wa kale walilichimba kuzunguka kijiji chao. Miwa ya baba mdogo ilikuwa imelimeza lote. Asiyeambiwa angepita kando yake asilione.

Ndipo wakaja watu wa serikali kuviweka vijiji vya kale kwenye ramani ya kompyuta. Mmoja alibeba kishikwambi, mmoja mwavuli, na mkubwa wao kazi yake ilikuwa kushukuru. Alitushukuru hata kabla hatujatoa kiti.

"Mtu akikushukuru mapema," Kukhu alininong'oneza, "chunga kuku."

"Mama, tunataka tu kujua olukoba iko wapi," mkubwa alisema.

"Mkishajua?"

"Itawekwa alama. Kila mtu duniani ataiona."

"Na wakija wote, nitawapikia nini?"

Mkubwa alicheka. Kukhu hakucheka. "Pahali pakishaonyeshwa hapalalangi," alisema. "Watakuja na majembe."

"Hayo ni mambo ya zamani, mama. Tuonyeshe tu na kidole."

"Wafu hatuwaonyeshangi na kidole."

Akakunja ngumi, akaielekeza mahali fulani kati ya migomba na choo. Ngumi ni kitu kipana. Mvua ilikuwa inakaribia, na viatu vyao havikuwa vya shamba, kwa hiyo waliifuata kwa heshima zote mpaka shimo refu la karibu, ambamo baba mdogo alikuwa akitoa udongo wa matofali. Kishikwambi kikalia. Wakapiga picha. Mwenye mwavuli aliokota kipande cha tofali kilichoungua, akakifunga kwenye karatasi kama mtoto mchanga. Baba mdogo alifungua mdomo. Kukhu akamwangalia. Akaufunga.

Kabla miwa haijakatwa, majembe yalifika. Walikuwa vijana tusiowajua, wameongozwa na simu, wakiamini kwamba walipokaa watu wa kale hapakosi dhahabu. Kwetu Kakamega neno dhahabu halidaiwi ushahidi. Walichimba shimo la matofali mchana kutwa, na Kukhu akawapelekea maji ya kunywa.

"Chimbeni, wajukuu wangu," aliwaambia. "Bado hamjafika."

Baba mdogo alipata udongo wa msimu mzima bila kutoa jasho. Kuka hakuguswa.

Tangu hapo nimesoma vya kutosha kujua kwamba boga huozeshwa na wadudu. Lakini ngumi ile bado naishuku. Je, Kukhu aliutii mwiko, au aliutumia? Nilimwuliza nikiwa mtu mzima mwenye shahada. Akanituma kuni.

Mwaka jana tulimzika kando ya Kuka. Miwa ilikuwa imekatwa. Afisa mmoja wa kaunti, kijana mwenye tai, alipewa nafasi ya kuhutubia, akasoma kwenye simu jinsi marehemu alivyowaonyesha watafiti urithi wetu kwa moyo mkunjufu. Ili tumwone vizuri, alikuwa amepanda juu ya tuta lenyewe la olukoba. Waombolezaji waliinamisha vichwa. Nadhani alidhani ni huzuni. Baba mdogo alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka.

Sikumsahihisha yule kijana, wala sijawaandikia wenye ramani. Wazee walilichimba handaki lile ili mgeni asiingie ndani kabla nia yake haijajulikana. Kwa kadiri ninavyoona, bado linafanya kazi.