Gesi Iliyotoka Gizani

Bonareri Onsongo alikulia Birongo, katika nyumba ambayo jiko lake la kuni halikuwa na dirisha. Mama yake, Kwamboka, alishinda akichuma chai, na jioni akaingia humo kupika. Bonareri alipomaliza chuo kikuu, kifua cha mama kilikuwa kimeshaharibika. Alikohoa akizungumza, alikohoa akiomba. Hospitalini walisema ni moshi wa miaka mingi. Kwa hiyo wenzake walipochagua kuchunguza dawa za mitishamba na uchafu wa mito, yeye alichagua mwanga.

Alichokitaka kilikuwa rahisi kueleza, ila kukifanya ndiyo ilikuwa kazi. Jani la chai likipigwa na jua, ile rangi yake ya kijani hurusha elektroni, na elektroni hiyo hudakwa na kupitishwa mbele upesi, isipate nafasi ya kurudi nyuma. Kwa njia hiyo jani hujitengenezea chakula. Watoto shuleni hufundishwa kwamba huo ndio usanisinuru. Bonareri alitaka kuuiga ndani ya chupa. Rangi aliyoiunda mwenyewe imeze mwanga na kutoa elektroni, nazo zitumike kutoa haidrojeni kwenye maji, gesi inayowaka bila moshi. Miaka ikapita akiwa mhadhiri mjini Kisii, na tatizo likabaki lile lile. Elektroni iliruka, kisha ikarudi ilikotoka kabla hajaweza kuitumia.

Halafu, katika msimu wa mvua ndefu, kwa rangi mpya, gesi ikatoka.

Aliyekuwa ameshika sindano ya kuvutia gesi siku hiyo ni Istarlin, mwanafunzi wake wa shahada ya uzamili, binti ya Gulled mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Viputo vilipanda ndani ya chupa iliyomulikwa, na mashine ikathibitisha kwamba ni haidrojeni. Bonareri alikaa kwenye stuli akafunika uso kwa mikono yote miwili. Istarlin hakujua kama acheke au amshike bega.

Habari zilimtoka mikononi. Profesa Makori, mkuu wa idara, akawapigia simu watu wa shirika moja la ng'ambo linalofadhili utafiti, nao wakaahidi kuja kujionea. Bonareri akapewa chumba kikubwa zaidi cha maabara. Istarlin akapata kwa shirika hilo nafasi ya kwenda nje kujifunza kwa mwaka mmoja, na baba yake akamweleza kila mteja aliyeingia dukani. Kule Birongo, siku ya Sabato, Kwamboka alisimama kanisani bila kuitwa na kusema binti yake amepata moto ndani ya maji. Kanisa zima likaitikia amina. Bonareri, aliyekuwa ameketi kando yake, alitaka kusema kwamba mambo bado ni machanga. Akaona aibu kumkatiza mama yake.

Wiki ile wageni walipokuwa wanatarajiwa, Istarlin alikuja mlangoni mwa ofisi yake na kusimama pale pale.

"Daktari, una nafasi?"

"Ingia. Kuna nini?"

"Nimelirudia jaribio. Nilifunika chupa yote kwa karatasi ya alumini, mwanga usiingie kabisa."

"Ehe?"

"Gesi imetoka vile vile."

Bonareri akavaa koti lake la maabara. Walirudia jaribio wakiwa wawili, chupa ikiwa imefungwa kama chakula cha safari, na gesi ikatoka. Jaribio hilo la giza alikuwa amelifanya zamani, kwa rangi ya awali, na hapakutoka kitu. Kwa rangi mpya hakulifanya. Alikuwa na hakika mno.

Alijua pa kuanzia kutafuta, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Rangi mpya ilikuwa imeandaliwa kwa kutumia unga wa zinki, kisha ikachujwa. Haikuchujwa vizuri. Vumbi lilibaki, laini kiasi cha kutoonekana kwa macho, na kwa kuwa maji ya ile chupa yalitiwa asidi, likawa linatoa haidrojeni lenyewe, mchana na usiku. Zinki na asidi. Jaribio la watoto wa sekondari.

"Uligundua lini?" akauliza.

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi, Istarlin."

"Nilitaka kwenda nje, Daktari." Msichana aliangalia sakafu. "Nilitaka sana kwenda. Nimeshindwa tu kukaa nalo."

Bonareri aliibandua ile karatasi ya alumini kwenye chupa. Alijua kwamba habari ya gesi ikianguka, nafasi ile ingeanguka nayo, na kwamba msichana huyu alilijua hilo kabla ya kugonga mlango.

Profesa Makori aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Tuwaambie wageni ni matokeo ya awali," alisema. "Huo si uongo."

"Si matokeo, Profesa. Ni uchafu."

"Unaelewa unachokitupa? Si chako peke yako."

"Naelewa."

Hakika alielewa, na bado alisimama mbele ya wageni. Alieleza kosa lake kama anavyoeleza somo, pole pole, bila kumtaja Istarlin kwa lolote ila kwamba ndiye aliyeligundua. Wageni walimshukuru kwa ukweli wake. Mwezi ule ule wakaandika kwamba fedha zimeelekezwa kwingine na nafasi ya mwanafunzi imesimamishwa. Bonareri akarudi katika chumba chake kidogo. Walipoisafisha rangi ikatakata, chupa ilikaa kimya bila kiputo, gizani na kwenye mwanga.

Alikwenda Birongo kumwambia mama. Kwamboka alikuwa anamenya ndizi za kupika.

"Kwa hivyo hakuna," mama alisema.

"Bado hakuna. Sabato nitasimama niwaeleze."

"Wewe keti. Mimi ndiye nilisema, mimi ndiye nitasema."

Na alisema, akiwa ameshika mgongo wa benchi la mbele. Alisema alifurahi mapema mno, na kwamba kitu hicho hakijapatikana. Wachache waliitikia. Baada ya ibada, watu walimsalimu Bonareri kwa upole wa msibani, na upole huo ulimchoma kuliko kama wangemcheka.

Istarlin alimaliza shahada yake akaenda kufundisha kemia katika shule ya wasichana huko Nyamarambe. Bonareri alimfuata huko muhula uliofuata. Alimweleza kwamba katika rangi iliyosafishwa elektroni inachelewa kurudi, kidogo sana, lakini inachelewa kweli, na safari hii amepima gizani kwanza.

"Nahitaji mtu wa kunibishia," alisema. "Rudi ufanye uzamifu."

Istarlin alikuwa amekumbatia vitabu vya wanafunzi kifuani. "Baba haniulizi tena habari za maabara, Daktari. Nikimwambia narudi, sijui atasema nini. Hata mimi mwenyewe sijui."

"Fikiria tu."

"Nitafikiria."

Kengele ililia, naye akaingia darasani. Bonareri alibaki kidogo kwenye veranda. Kupitia dirishani alimwona akiandika ubaoni, akifuta, akiandika upya. Kisha akaenda kutafuta gari la kurudi Kisii, asijue kama amemwita msichana yule kwenye kazi au kwenye hasara nyingine.