Sahani Tupu

Juzi, katika kitabu cha mapishi ya dunia, niliona picha ya wali uliopikwa na dengu, nikakumbuka harufu ya samli kwa Mama Jaya, jirani yetu Mhindi pale Arua. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Yeye alileta wali. Mama alirudisha kisra, mikate yetu myembamba ya mtama.

Siku Wahindi walipofukuzwa nchini, Mama Jaya aliturudishia sahani yetu tupu. Niliona ametudharau. Sikujua kwamba askari walikuwa wameshachukua jiko lake.

Mama aliijaza kisra. "Peleka mbio. Safari iko mrefu, wakule kwanza."

Mlangoni kwao nilimkuta askari ameketi kwenye kiti chao.

"Leta hapa, mutoto. Wahindi nakwenda."

Lori lao lilikuwa bado linanguruma kwenye kona, nami kwa mbio zangu ningelifikia. Nikaikumbuka ile sahani tupu, nikampa askari. Alikula polepole, akanirudishia sahani.

"Mama Jaya nakula?" Mama aliniuliza.

"Nakula yote. Nasema asante."

Mama alikufa akiamini hivyo, tukamzika Koboko.